Fomu Haina Mahali pa Kuandika "Mmasai"

Kila ifikapo Juni, meza yangu ya chakula hapa Longido, mkoani Arusha, hugeuka ofisi. Wanakuja vijana wa Ketumbeine, wa Gelai, wa Engarenaibor, wengine wamelala njiani, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Ndani mna karatasi mbili tatu: cheti cha darasa la saba, kadi ya kliniki iliyotafunwa pembeni na mchwa, picha za pasipoti zilizobaki tangu kidato cha nne. Swali la kwanza halibadiliki: "Madam, kuna ufadhili wa Wamasai?"

Jibu langu nalo halibadiliki. Kwa masomo ya sayansi, hapa Tanzania, serikali haina mfuko wa Wamasai, wala wa Wahadzabe, wala wa Wabarabaig. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili tarehe 13 Septemba 2007, nchi yetu ilipiga kura ya ndiyo, lakini nyumbani msimamo ni kwamba sote ni wenyeji na hakuna aliye mwenyeji kumzidi mwenzake. Binamu zetu wa ng'ambo ya Namanga wana pa kushika: Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 56, inaitaka serikali yao iwape waliotengwa nafasi maalum za elimu, na ibara ya 260 inawataja wafugaji na wanaoishi kwa kuwinda na kuokota matunda. Sisi hatuna neno hilo. Nalilalamikia jambo hili kila tukikaa kwenye vikao vyetu, ila kijana aliyefika na bahasha hawezi kusomea malalamiko yangu.

Fomu ya kuomba mkopo au ufadhili wa masomo haikuulizi kabila. Inakuuliza umefaulu vipi, wazazi wako wako wapi, kaya yenu inaishije, na kila jibu inalitaka kwa karatasi yenye mhuri. Basi kazi ya mezani kwangu ni hiyo: kuchukua maisha ya bomani na kuyatafutia karatasi. Mimi ni mwalimu wa kemia, nilisoma kwa mkopo, nikayakosea mengi kati ya haya ninayoyaandika.

Anza na jina, tena mapema

Tumwite Lemayani. Alikuja akiwa amemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na biolojia), ufaulu wa kujivunia. Nikamwambia apange karatasi zake zote mezani. Kadi ya kliniki ilisema Lemayani, basi, hakuna cha pili. Cheti cha ubatizo kilimwita Emanuel. Shuleni alikuwa Lemayani Saitoti, kwa sababu siku ya kuandikishwa darasa la kwanza alipelekwa na babu yake, mwalimu akauliza "baba yake nani?" na mzee akajitaja mwenyewe. Kitambulisho cha Taifa kikasoma Emanuel Lemayani Laizer, maana siku ile alisimamiwa na baba mdogo anayeamini kuwa ukoo lazima uonekane. Mtoto mmoja, karatasi nne, watu wanne.

Bomani hakuna aliyekosea hapo. Mtu huzaliwa na jina, huongezewa jingine, na ukoo wake unajulikana bila kuandikwa popote. Kompyuta ya maombi haiyajui hayo. Inalinganisha herufi kwa herufi.

Kanuni yangu ni hii: jina lililoko NECTA, Baraza la Mitihani, ndilo bwana, mengine yote yanalifuata. Cheti cha mtihani ndicho kigumu kuliko vyote kukibadilisha. Kama bado huna cheti cha kuzaliwa, umepona: kiombe kwa jina lile lile la cheti cha kidato cha nne. NECTA wakiandika Emanuel kwa "m" moja, usiwaongezee ya pili kwa sababu tu Biblia ya Kiingereza inayo. Kama vyeti vimeshatoka na vinapishana, utahitaji hati ya kubadili jina, ile mawakili wanayoiita didi poli, inayoandikwa na wakili na kusajiliwa. Wapo watakaokuambia kiapo cha mahakamani kinatosha. Wakati mwingine kinatosha, wakati mwingine kinarudishwa, kwa hiyo uliza huko unakopeleka kabla hujamlipa mtu. Lemayani alilipia kiapo kwanza, kikakataliwa, akalipia hati, na kati ya safari moja na nyingine wiki tatu zikayeyuka.

Wewe mzazi mwenye mtoto wa shule ya msingi, hii ni yako zaidi. Kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba, nenda shuleni, mwombe mwalimu akuonyeshe jina lilivyoandikwa kwenye mfumo. Wakati huo kulirekebisha ni kazi ya mwalimu na kompyuta yake. Akifika kidato cha sita ni kazi ya wakili, nauli na mbuzi wawili.

Kuhusu tarehe ya kuzaliwa, mama zetu wanakumbuka vizuri kuliko tunavyowadhania, ila hawakumbuki kwa kalenda. "Alizaliwa kwenye ukame ule ng'ombe walipokufa" ni 2006, au ni 2009 kama mtoto ni mdogo. Unauliza alizaliwa kabla au baada ya nani, mvua zilikuwa zimeanza, mlikuwa mmehamia wapi. Unapata mwezi. Halafu tarehe hiyo, ukishaiandika mara ya kwanza, usiibadilishe tena hata ukiota nyingine.

Mtu mzima kupata cheti cha kuzaliwa si mwiba kama inavyosemwa. Msajili wa wilaya anakaa ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na maombi ya RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, siku hizi yanafanyika mtandaoni. Wanataka ushahidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule, barua ya mtendaji wa kijiji, vitambulisho vya wazazi. Huna vyote? Peleka ulivyo navyo. Ukishapata cheti kuna hatua ya pili ambayo wengi hawaijui: Bodi ya Mikopo inataka cheti hicho kiwe kimehakikiwa na RITA wenyewe. Uhakiki unaombwa peke yake, unalipiwa peke yake, na msimu wa maombi foleni yake ni ndefu. Ufanye Januari, ukiwa bado shule.

Cheti cha kifo ni habari nzito kidogo. Wazee wetu wengi wamezikwa nyumbani bila karatasi. Mwanangu unayesoma hapa na baba yako hayupo, fomu haitakuhesabu yatima kwa sababu kijiji kizima kilimzika. Itakuhesabu kwa cheti, nacho kihakikiwe kama kile cha kuzaliwa. Kwetu kuna ugumu wa kumtaja marehemu kwa jina, na kumwomba mama aende ofisini akaandikishe kifo cha miaka kumi iliyopita si jambo la kumtupia asubuhi moja. Mpe muda. Mtangulize laigwanani, kiongozi wetu wa mila, au shangazi azungumze naye. Nimeona mama akikataa katakata mwezi mzima, kisha siku moja akatokea na shuka lake jipya akasema twende.

Ng'ombe kwenye fomu

Fomu inauliza kama kaya yenu iko kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Kama mpo, andika namba ya kaya, ni ushahidi wenye nguvu. Kama mlisomeshwa na mfadhili sekondari, barua ya mfadhili nayo inahesabika. Ulemavu unathibitishwa na mganga wa serikali, kwa fomu yake.

Tatizo letu liko katikati. Baba yuko hai, ana wake wanne, watoto hajui wamefika wangapi, na mwaka ambao TASAF walipita kuandikisha alikuwa na ng'ombe arobaini, akaachwa. Ukame ukaja wakabaki sita. Kwenye karatasi wewe ni mtoto wa tajiri. Hapa sina dawa kamili. Kinachosaidia kidogo ni kuandika ukweli wa nani anayekulea: kama ada na sabuni vilitoka kwa mama anayeuza maziwa na shanga pale Namanga, mlezi wako ni mama, mwandike yeye, kwa namba yake ya simu na kitambulisho chake. Usimwandike baba kwa heshima tu. Na usidanganye kuwa amekufa. Wapo waliofanya hivyo, na uongo wa namna hiyo una kawaida ya kumvizia mtu akiwa mwaka wa pili.

Steshenari, JKT na siku zinazopotea

Maombi ya mkopo yanafanyika kwenye mtandao wa Bodi, na kwa miaka ya karibuni dirisha limekuwa likifunguliwa mwezi Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti au muda mfupi baadaye. Ada ya maombi ambayo vijana wangu wamekuwa wakilipa ni shilingi 30,000, kwa kontroo namba, kupitia simu au benki. Kila mwaka Bodi hutoa mwongozo mpya, upo wa Kiswahili. Usome wote. Usisomewe na jirani.

Huhitaji kusubiri matokeo ya kidato cha sita ndipo uanze, kwa kuwa akaunti inafunguliwa kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne. Hili ni muhimu kwetu kwa sababu mtihani wa sita unakwisha Mei, na baada yake vijana wanaitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Ukiwa Oljoro au kambi nyingine umevaa kombati, hutaenda kumtafuta mtendaji wa kijiji cha Gelai akugongee mhuri. Nilikuwa na binti mmoja aliyetoka kambini zikiwa zimebaki siku tisa. Siku mbili zikaishia safarini, moja mtendaji alikuwa mnadani, moja mtandao haukuwepo. Tulituma saa nne usiku ya siku ya mwisho, tukiwa tumesimama kwenye kilima nyuma ya nyumba. Huku kwetu simu ikikosa mnara wa nyumbani hudaka wa Kenya, inakukaribisha Kenya kwa ujumbe mfupi, na bando lako linakufa papo hapo. Zima huduma hiyo kwenye simu kabla hujaanza kupakia nyaraka.

Kuhusu steshenari, nina donda. Kuna mahali fulani, sitapataja, ambapo kijana wa kompyuta alikuwa akiwafungulia wanafunzi akaunti za maombi kwa barua pepe yake mwenyewe na namba yake mwenyewe ya simu, kwa kuwa wao hawakuwa na barua pepe na yeye alitaka kazi iende haraka. Akahama mji. Ujumbe wa kurekebisha nyaraka ukaenda kwenye simu yake, wanafunzi wangu wanne wakakaa wakisubiri jibu ambalo lilishatoka. Kwa hiyo: fungua barua pepe yako mwenyewe ukiwa kidato cha tano. Sajili laini kwa kitambulisho chako, usiitupe hata ukinunua nyingine. Neno la siri liandike kwenye daftari, si nyuma ya boksi la sukari. Steshenari umlipie kuskani na kuchapa, basi.

Ukimaliza kujaza, kuna fomu ya kuchapa yenye saini: yako, ya mdhamini, ya kiongozi wa kijiji, na ya hakimu au wakili. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo anafaa, huna haja ya kupanda gari kwenda Arusha kutafuta wakili. Angalia kila mhuri umeshika wino. Mwaka wangu mimi nilipeleka ukurasa ambao mhuri wa kijiji ulikuwa kivuli tu, kama alama ya kikombe mezani, na nilirudishwa niufuate tena kilomita zote zile. Kosa langu, niliuona nikasema watauelewa. Mdhamini wako naye mweleze anasaini nini. Mzee akisikia baadaye kwamba aliweka kidole kwenye deni bila kuambiwa, hatamsainia mdogo wako.

Hela zenyewe ziko wapi

Ufadhili wa serikali uitwao wa Samia ulianza mwaka wa masomo 2022/23. Unawachukua waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita katika tahasusi za sayansi, wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba vyuo vikuu vya ndani. Unalipa kila kitu, ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo, utafiti, na haurudishwi. Ukiwa na alama za juu, angalia orodha inayotangazwa baada ya matokeo, na ukijiona humo bado una kazi ya kuthibitisha na kujaza taarifa zako. Jina kuwa kwenye orodha halijajaza fomu. Kuna pia masharti ya kuendelea kufaulu chuoni, yasome siku ya kwanza.

Sitawadanganya, vijana wetu wanaoufikia ni wa kuhesabu. Ufadhili wa alama humwangukia aliyesoma penye maabara. Mimi nilifundishwa titresheni, jaribio la kemia la kupima asidi kwa matone, kwa kuchorewa ubaoni: bureti ya chaki, tone la chaki, rangi ya waridi tuliambiwa tuifikirie. Bureti ya kioo niliishika mara ya kwanza kidato cha tano, mkono ukitetemeka, tone likazidi, kikombe chote kikawa wekundu wa shuka. Kwa hiyo mzazi, mtoto akiwa kidato cha nne na kutakiwa kuchagua tahasusi na shule za kwenda, msimwachie afuate rafiki zake. Ulizeni shule ipi ina maabara inayotumika na mwalimu wa fizikia aliyeko, maana kuna maabara ambazo ni majengo ya kuhifadhia madawati yaliyovunjika. PCB na PCM (fizikia, kemia na hisabati) zinafungua milango mingi. CBG (kemia, biolojia na jiografia) si mbaya. Ada ya kidato cha tano na sita shule za serikali iliondolewa 2022, kilichobaki ni michango, nauli na vifaa, mzigo ambao boma likijipanga linaubeba.

Mkopo wa Bodi ndio njia ya wengi. Bodi ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Ni mkopo, utaurudisha: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyofanya madeni ya sisi wa zamani yasiishe, iliondolewa 2021. Nimewasikia wazee wakisema mkopo ni mtego, heri kuuza ng'ombe. Kwa shahada ya miaka mitano ya udaktari wa mifugo pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ng'ombe wangapi? Tulipiga hesabu siku moja na mzee mmoja kwa mawe, kama anavyohesabu mifugo yake jioni. Alipofika jiwe la thelathini akayafagia kwa mkono, akauliza fomu iko wapi.

Ukipewa kidogo kuliko ulivyotarajia, au ukakosa, kuna dirisha la rufaa. Rufaa ni karatasi mpya, si maneno mapya. Kama kile cheti cha kifo hakikuwepo mara ya kwanza na sasa kipo, hapo ndipo mahali pake.

Na kwa waliopata alama za kawaida kidato cha nne, tafadhali msikae nyumbani. Tangu 2023/24 Bodi inakopesha pia ngazi ya diploma kwa fani za kipaumbele, zikiwemo afya, uhandisi, kilimo na mifugo. Arusha kuna Chuo cha Ufundi, ATC. Tengeru kuna kampasi ya LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo, ambako mtoto aliyekua akishika ndama anafundishwa kusoma kwa darubini kile ambacho baba yake anakijua kwa kidole. Nawaona wazazi wanaichukulia diploma kama kushindwa. Huku kwetu anayekuja kutibu ng'ombe akiugua saa nane usiku huwa ni wa diploma.

Wasichana niwaongezee neno. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu aliyekatiza masomo kwa kujifungua arudi shule ya serikali. Ninao wawili waliorudi, mmoja yuko chuo cha uuguzi. Anayekuambia mlango umefungwa anakusimulia habari za zamani.

Neno "watu wa asili" kwenye mtandao

Kila msimu kuna kijana anakuja akikimbia na simu: Madam, nimeupata, ufadhili wa sayansi wa watu wa asili! Naangalia, ni wa AISES ya Marekani, chama cha wanasayansi na wahandisi Wahindi Wekundu, kilichoanza 1977. Au ni Indspire ya Canada. Au ni wa Waaborijini wa Australia. Mifuko hiyo ni ya kweli na inasomesha watu, lakini ni ya watu wa asili wa huko, na wanataka uthibitisho kuwa wewe ni wa makabila yao. Umasai wako hauhesabiki hapo. Usipoteze bando.

Milango ya nje ambayo ni yetu kweli ni mingine. Mastercard Foundation wana mpango wa wasomi tangu 2012, kupitia vyuo kama Makerere na Carnegie Mellon University Africa iliyoko Kigali, na wanatilia mkazo wanawake, wakimbizi na wenye ulemavu. AIMS ya Kigali, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, inafundisha shahada ya uzamili ya hisabati kwa ufadhili kamili. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, limekuwa na ufadhili wa uzamili wa hisabati, uhandisi, informatiki, sayansi na teknolojia kwa raia wa nchi za Jumuiya. Na hapo Tengeru, safari ya nusu siku kutoka hapa, kuna Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, inayoanzia uzamili. Yeyote anayekudai hela ya "kushughulikia" ili upate ufadhili wa nje, mblokie.

Barua

Ufadhili mwingi wa nje unataka barua ya kujieleza, na hapa ndipo kuwa Mmasai kunaanza kuwa na kazi, mradi usikutaje tu ukaishia hapo.

Kijana mmoja wa kwetu aliniletea rasimu iliyoanza hivi: "Mimi ni mwanafunzi ninayetoka katika jamii ya asili iliyotengwa na inayokabiliwa na changamoto nyingi." Nikamwuliza, changamoto ipi? Akasema, nyingi. Ipi ilikukuta wewe, kwa macho yako? Akanyamaza, akakoroga chai. Kisha akasema, ndama wetu walikufa kwa oltikana.

Oltikana ni ndigana kali. Husababishwa na kidudu kiitwacho Theileria parva, kinasambazwa na kupe. Nikamwambia haya, simulia. Akasimulia baba yake anavyoingia zizini alfajiri, anamshika ndama shingoni, anapapasa chini ya sikio kutafuta tezi. Ikiwa imevimba kama punje ya harage, bado kuna muda. Ikifika ukubwa wa yai, anamwacha, anakwenda kwa mwingine. Ipo chanjo, na wafugaji wa kaskazini wameitumia miaka mingi: ndama anachomwa vimelea hai pamoja na dawa inayovidhibiti. Ila inahifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali, na inatolewa kwa kundi, kwa hiyo mwenye ndama watatu anasubiri majirani wachange. Ndama wao walikufa wakiwa wanasubiri wachangaji.

Nikamwambia, hiyo ndiyo barua yako. Andika kidole cha baba chini ya sikio. Andika mlivyosubiri. Halafu andika unachotaka kujifunza: kwa nini chanjo hii lazima ikae kwenye baridi ile, na nini kingefanya iweze kumfikia mwenye ndama watatu. Neno "kutengwa" hatukuliweka. Aliandika rasimu nne kwa Kiswahili kabla ya kugusa Kiingereza, na hapo nasisitiza: fikiri kwanza kwa lugha unayoota nayo, iwe Kimaa au Kiswahili, Kiingereza kije mwisho kusafisha. Wanaoanza na Kiingereza huandika sentensi ambazo hata wao hawaziamini.

Barua za mapendekezo ziombwe kwa mwalimu anayekujua, mwezi mmoja kabla, ukimpa karatasi yenye mambo uliyofanya darasani kwake. Mkuu wa shule ana mhuri mkubwa lakini hajui ulivyorudia jaribio la titresheni mara sita.

Ukishapata, kuna boom. Hela ya chakula na malazi ya Bodi ilipandishwa hadi shilingi 10,000 kwa siku mwaka 2023/24, inakuja kwa awamu, na unaidhinisha mwenyewe kila awamu kwenye mfumo, kwa hiyo laini yako iwe hewani. Kwa kijana ambaye hajawahi kushika laki tano kwa mpigo, wiki ile ya kwanza ni ya hatari. Wengine hununua simu. Wa kwangu mmoja alituma karibu yote nyumbani anunuliwe mtamba, kisha akala ugali na maharage ya kukopa hadi Krismasi. Nilimpigia nikamgombeza vizuri. Mtamba huyo ameshazaa mara mbili, na kila akinipigia hunikumbusha.